Ukurasa wa Kushoto

Watu wa Kolwezi hawajui kuchagua picha. Mtu anakuja studio na simu yenye picha mia tatu za harusi, arobaini kati yake za keki ileile, na ukimwomba apunguze anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Zote anazitaka, na zote ziingie katika kurasa ishirini. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Falonne kwa tata Polycarpe, mzee mwenye studio, katika chumba kidogo kando ya barabara ya malori ya shaba, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi: kupanga picha za watu kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, mpaka albamu iwe tayari kuchapwa.

Kazi yake aliijua. Kila ukurasa picha moja kubwa, nyingine ndogondogo ziizunguke. Nyuso zitazame ndani, kwenye mkunjo wa kitabu, maana anayetazama nje huonekana anataka kuondoka. Alipanga harusi, alipanga ubatizo, na zaidi ya yote alipanga matanga. Vijana wa Musonoi waliofukiwa na udongo kwenye mashimo ya madini, yeye ndiye aliyewachagulia picha ya kukuzwa. Aliwaliza mama za watu kwa ukurasa mmoja uliopangwa vizuri. Lakini yeye alikuwa hajamlilia ndugu yake mwenyewe.

Alikuwa pacha. Kanisani waliitwa Rachelle na Falonne, lakini nyumbani, kwa desturi ya Waluba, aliyetangulia kutoka tumboni aliitwa Kyungu na aliyefuata Kabange. Kyungu alikufa kwa homa miaka minne iliyopita, wakiwa na miaka ishirini na mmoja. Hapo nimesema alikufa mimi ninayesimulia. Nyumbani kwao neno hilo halikutamkwa. Wazee walisema mapacha hawafi, wanarudi walikotoka, na mkilia yule aliyebaki atamfuata mwenzake. Basi Kyungu alizikwa kwa nyimbo za mapacha. Falonne aliimba na kupiga makofi huku donge limemkaba kooni, na donge hilo lilibaki palepale. Alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: mama yake aseme, hata mara moja, kwamba Kyungu amekufa, ili na yeye apate ruhusa ya kulia.

Badala yake, Jumatatu ile mama Micheline aliingia studio na oda. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Fungurume kuleta mahari ya Falonne, nao walipaswa kuonyeshwa albamu.

"Utafanya albumu ya batoto yangu," alimwambia tata Polycarpe, kana kwamba Falonne hakuwemo chumbani. "Kyungu ku kushoto, Kabange ku kuume. Sawasawa. Kile unapatia moja, unapatia na mwenzake."

Kurasa za utoto zilijipanga zenyewe. Gauni mbili za kitambaa kimoja, viatu vya aina moja, nywele zilizosukwa na mkono mmoja. Kilichowatofautisha ni kwamba Falonne ana alama nyeusi kwenye shavu la kulia, na Kyungu alikuwa nayo kwenye shavu la kushoto. Falonne anaandika kwa mkono wa kulia. Kyungu alikuwa wa kushoto, na shuleni alichapwa sana kwa ajili hiyo, asibadilike. Falonne na mama yake, aliyeketi kando akitazama, walipofika ukurasa wa kumi na mbili, picha za Kyungu zikaisha. Za Falonne ziliendelea: diploma, studio, Hénock mchumba wake.

"Huku tuache wazi, mama," Falonne alisema, akionyesha upande wa kushoto.

"Wazi? Bakwe bakuje baone nilizala moja?"

"Hénock anajua."

"Anajua nini?"

Falonne akangoja. Alimwona mama yake akikunja pindo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga, magotini, akilikunjua, akilikunja tena.

"Geuza foto yako," mama Micheline alisema mwishowe. "Muko sura moja. Tata Polycarpe anasema masini inajua kugeuza. Geuza, utie ku kushoto."

"Ni kudanganya, mama."

"Kudanganya nani? Geuza." Akajifunga kikwembe vizuri, akaondoka.

Falonne alikasirika. Akasema moyoni, haya, nitaigeuza moja, aje aone upumbavu wake kwa macho yake. Alichukua picha ya siku ile alipotia sahihi mkataba wa kazi, kalamu mkononi, uso umeinuliwa kwa mpiga picha. Akabofya.

Alama ikahamia shavu la kushoto. Kalamu ikahamia mkono wa kushoto. Aliyekuwa anamtazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta alikuwa Kyungu, mwenye miaka ishirini na mitano, umri ambao hakuufikia.

"Yaya," Falonne alisema, kama alivyozoea kumwita dada yake.

Alimwogopa kwanza. Kisha akamfurahia, furaha ya kumwona mtu aliyesubiriwa siku nyingi kituoni. Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: siku tatu zilizofuata alifanya kazi ambayo asingemfanyia mteja yeyote. Kwenye fulana ya studio herufi ziligeuka kinyume, akazifuta moja moja, akaziandika upya. Kwenye picha ya uchumba alimtoa Hénock, lakini mkono wa Hénock ukabaki begani, basi akaufunika na kipande cha kikwembe alichokikata kwenye picha nyingine. Alimpa Kyungu diploma. Alimpa kazi, misuko mipya, Krismasi nne. Polepole picha za kushoto zikawa kubwa na za kulia zikawa ndogo, na yeye mwenyewe hakuona. Hénock alipiga simu mara tano, hakujibiwa.

"Falonne," tata Polycarpe alisema siku ya Alhamisi, amesimama nyuma ya kiti chake, "huyu wa kushoto unamupendelea sana."

"Yeye njo mukubwa," Falonne alijibu. Na ni kweli kwamba donge la kooni lilikuwa limepungua. Hakutamani tena kulia. Angemlilia nani?

Ijumaa asubuhi albamu ilichapwa, na mama Micheline akaja kuiona. Aliketi, akaiweka mapajani. Kwenye kurasa za utoto alicheka mpaka akajipangusa macho, akataja viatu vile vilinunuliwa Lubudi, gauni lile lilichomwa na pasi. Akafungua ukurasa wa kumi na mbili. Akafungua wa kumi na tatu, wa kumi na nne, akarudi nyuma. Falonne alisimama kando yake akingoja asifiwe.

"Huyu haiko Kyungu," mama yake alisema.

"Alama iko ku kushoto, mama. Angalia na kalamu, anaishika na..."

"Alama minaiona. Macho njo yako." Aliweka kidole juu ya uso ule. "Haya macho yananiomba kitu. Kyungu hakuniombaka kitu hata siku moja, alikuwa anakamata tu. Weye njo unaniombaka. Miaka ine unaniangalia vile, na mi najifanya sioni."

Nje lori lilipita, na fremu zilizotundikwa ukutani zikatikisika.

"Nilizani nikiona sura yake nitaweza kubakia vile tuko," mama Micheline alisema. Alizungumza polepole, bila hasira. "Nimeiona, na haiko yeye. Mutoto yangu alikufa, Falonne. Kyungu alikufa."

Neno lenyewe hilo. Miaka minne Falonne alilala nalo na kuamka nalo, akilisubiri litoke katika kinywa kile. Sasa lilipotoka aliruka, akamziba mama yake mdomo kwa kiganja.

"Usiseme, mama. Usiseme hapa."

Mama Micheline aliushika ule mkono, akautoa taratibu, akaendelea kuushika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wake ulikuwa umefungiwa muda mrefu. "Alikufa," alisema tena, na kilio kikamtoka kwa sauti, kilio cha matanga chenye jina la marehemu ndani yake, mpaka mama wauza mihogo wa nje wakafungua mlango kuuliza nani amefiwa. Tata Polycarpe aliinamisha kichwa. Alijua ni kilio cha lini.

"Lia, mama yangu," mama Micheline alimwambia binti yake. "Lia na weye. Nakupatia ruhusa."

Falonne hakulia. Alikuwa ameivuta albamu kutoka mapajani mwa mama yake, anazifuta kurasa za kushoto kwa pindo la blauzi, moja baada ya nyingine, machozi ya mama yake yasije yakaziharibu.