Sonara Aliyeshikwa na Adabu

Msiba uliingia katika karakana ya masonara mjini Kaolack Jumatatu asubuhi, umevaa kofia nyeupe iliyopigwa pasi. Ulivua viatu mlangoni, ukainamisha kichwa, ukasema:

"Asalamu alaikum, Mzee Thiam. Umeamkaje? Na nyumbani wameamkaje?"

Aliyesema hayo alikuwa Latyr Ngom. Yero Thiam, aliyekuwa tayari ameshafungua kinywa ili ajibu tusi, alibaki amekifungua hivyo hivyo, hata nzi mmoja akaanza kukipigia hesabu.

Ieleweke kwamba Yero ni Mtukulori na Latyr ni Mserere, na makabila hayo mawili ni watani tangu zamani za kale. Na utani, kama ajuavyo kila mtu aliyelelewa vizuri, ni wajibu. Mtani asipokutukana amekunyima haki yako. Masonara hawa wawili walikuwa wametimiziana haki hiyo tangu ujana wao, wakitumia tanuri moja, fuawe moja na birika moja la chai. Wateja tu ndio waliokuwa mbalimbali, kila mmoja na wake. Asubuhi ya kawaida Latyr huingia akipiga kelele, "Naona mtumwa wangu kawahi kazini! Nani kakuamsha, njaa?" Na Yero hujibu bila kuinua macho, "Njaa ilikuwa kwenu. Ilipokuona unakula, ikahama mji." Hapo ndipo siku huhesabiwa kuwa imeanza.

Jumatatu hiyo siku ilikataa kuanza.

"We mla kuskusi," Yero alijaribu, "umemeza msikiti?"

"Mungu akuzidishie afya," alisema Latyr, akikaa kwenye kigoda chake taratibu kama mgeni. "Naomba koleo, kama hulihitaji."

Kama hulihitaji! Katika karakana ile koleo halikuwahi kuombwa. Lilinyakuliwa, likafichwa, likakaliwa; liliwahi hata kuzamishwa kwenye ndoo ya maji machafu. Yero alilitoa kwa vidole viwili, kwa woga, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua.

Kisha akarudi kwenye kazi yake, na hapa ndipo balaa lilipokomaa. Alikuwa akimtengenezea Hajati Kumba hereni zenye umbo la ua, lililosukwa kwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Nyuzi hizo huunganishwa kwa lehemu. Sonara hushika mrija mdomoni, akapuliza ulimi wa moto juu ya ua, na lehemu inapong'aa mara moja tu, huacha. Akichelewa kwa pumzi moja, dhahabu yenyewe nayo inayeyuka.

Yero hakuwahi kuchelewa. Watu walimsifu kwa jicho lake, naye alipokea sifa hizo bila kupinga. Ukweli, ambao hata yeye hakuujua mpaka asubuhi ile, ni kwamba jicho lilikuwa la Latyr. Miaka yote hiyo, lehemu ilipong'aa, Latyr alisema kutoka upande wa pili wa tanuri, "Acha, mroho, hiyo si nyama!" Yero alicheka, mrija ukamtoka mdomoni, ua likapona. Tusi lilikuwa kifaa cha kazi, sawasawa na nyundo.

Basi akapuliza. Lehemu ikang'aa. Akangoja tusi. Akapuliza huku akingoja. Latyr aliona, mdomo ukamcheza, mishipa ya shingo ikasimama, akameza kitu kikubwa, akanyamaza. Ua la Hajati Kumba likainama, likajikunja, likawa kidonge cha mviringo kinachofanana kabisa na kinyesi cha mbuzi.

Kwa mtani, zawadi kama hiyo haipatikani mara mbili katika maisha. Yero mwenyewe aliona matusi yasiyopungua kumi yakining'inia hewani kama maembe mabivu. Alifumba macho na kungoja.

"Ni mipango ya Mungu," alisema Latyr kwa upole.

Yero aliweka mrija chini. Sasa hakuwa na shaka tena: Latyr Ngom alikuwa anakufa.

Alizima moto, akasingizia tumbo, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Latyr. Alimkuta Yande, mke wa Latyr, akipepeta uwele uani.

"Shemeji, nieleze ukweli, nimejikaza," alisema Yero. "Madaktari wamempa muda gani?"

"Nani?"

"Mumeo. Leo kaniita Mzee."

Yande aliweka ungo chini, akacheka mpaka akakaa juu ya kinu. "Hafi, shemeji! Anajizoeza. Kijana wetu Mbagnick anamtaka binti yenu Takko. Ijumaa tunaleta kokwa za kola kwenu kuposa. Sasa mtu hamtukani mkwe wake, au ninyi Watukulori mnawatukana?"

"Hatuwatukani," alikiri Yero. Mkwe huinamiwa. Mkwe huulizwa habari za nyumbani, na za mifugo hata kama hana mifugo.

"Basi. Ameamua kuanza mapema, ulimi usije ukamponyoka mbele ya wazee. Lakini mimi ndiye ninayeumia! Tangu jana anajizoeza hapa nyumbani, na yale aliyokuwekea wewe ananimwagia mimi. Jana kaniambia nina kichwa kama kibuyu cha Mtukulori. Nimeolewa naye muda wote huu, ndiyo kwanza najua wewe ulikuwa unanibebea mzigo."

Yero alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Alimpenda Mbagnick; kijana yule alikuwa sonara mwenye mkono mwepesi, na tangu utotoni alikuwa akimwita baba. Sababu ya kumkataa haikuwepo. Lakini akimkubali, basi mpaka siku ya kufa atakaa mbele ya moto na mtu anayemwita Mzee Thiam, anayeomba koleo, anayeita kinyesi cha mbuzi mipango ya Mungu. Kwa mara ya kwanza maishani alimtamani mkwe mlevi kutoka mji wa mbali.

Takko alikuwa akimsubiri mlangoni. Habari za aina hii hazihitaji miguu.

"Baba, ukikataa, nitajua ni kwa nini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unamtaka Baba Latyr awe wako peke yako."

Yero alifikiria jibu kali, lenye hekima na mamlaka. "Nenda kamsaidie mama yako," alisema.

Wiki ile ilipita kama wiki ya kufunga. Waliamkiana. Walishukuriana. Chai ilimiminwa kwa heshima, na kwa sababu hiyo ilipoa. Hata wateja walianza kuchungulia mlangoni na kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu kafariki.

Ijumaa, baada ya sala, Latyr na jamaa zake walifika kwa Yero na kapu la kola. Imamu alikaa katikati. Latyr alivaa joho la buluu lililokuwa likilia kwa wanga, akakaa ukingoni mwa mkeka, kichwa chini, kama mtu anayetafuta sindano. Mjomba wake, ndiye msemaji, alisimama akausifu ukoo wa Thiam kizazi baada ya kizazi, ukarimu wao, dini yao, mikono yao iliyobarikiwa dhahabu. Kila aliposifu, Latyr aliitikia, "Ni kweli." Alisema hivyo kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino.

Kisha wote wakamgeukia Yero. Mila inamtaka baba wa binti aseme maneno machache tu: tumesikia, tunashukuru, tumekubali. Penda, mkewe, alimtazama kwa jicho la kumsukuma. Takko alikuwa nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa limeacha kupumua.

Yero aliitazama ile shingo iliyoinama.

"Tumesikia," alisema. "Tunashukuru. Lakini kuna kikwazo cha kisheria."

Pazia lilitikisika.

"Huyu Latyr," aliendelea kwa uzito wa hakimu, "ni mtumwa wangu. Babu yangu alimrithisha baba, baba akanirithisha mimi. Sasa mniambie, wazee: mali ya mtumwa ni ya nani? Kola hizi zilikuwa zangu tangu ziko mtini. Mbagnick ni wangu. Mkeka alioukalia ni wangu, na joho ninalidai. Kwa hiyo leo mali yangu imekuja kuniomba binti yangu, impeleke kwenye mali yangu. Hapo mimi naozesha nini? Mchukueni Takko. Anahama chumba tu."

Penda alijifunika uso kwa mtandio. Mabega ya Latyr yakaanza kutetemeka, na shangazi mmoja akasema, "Mmeona, amemliza!" Latyr akainuka mzima mzima.

"Wewe!" alinguruma, na sauti ilikuwa ile ile ya karakana. "Mtumwa nani? Babu yako alinunuliwa na babu yangu kwa bakuli la wali, na kabla hawajafika nyumbani, babu yako alikuwa ameshaula wali wenyewe! Mpaka leo tunadai bakuli!"

Mjomba msemaji, aliyekuwa akijiandaa kwa sifa za kizazi kilichofuata, alianguka kwa kicheko mabegani mwa Imamu. Shangazi peke yake ndiye aliyebaki na hasira. "Haya! Wakwe hutukanana lini?"

"Shangazi, waache hivyo hivyo," alisema Yande, akipangusa machozi. "Utani umeanza kukaa humu zamani. Ukwe ndio mgeni, nao utafute pa kukaa."

Kola zikavunjwa, zikagawiwa. Imamu akainua mikono kusoma dua, na wote wakafungua viganja. Latyr, ambaye sasa alikuwa amehamia katikati ya mkeka bila kukaribishwa, aliinama sikioni mwa mkwe wake.

"Mikono hiyo umeifungua uombe," alinong'ona, "au unangoja sahani?"

"Amina!" alisema Yero, kwa sauti kuliko watu wote, kabla Imamu hajafika mwisho.