Mtoto Pekee wa Hapa

Klabu mpya ya wanawake ilipoanza, mabango yake yaliandikwa kwa herufi kubwa za kijani: Mabinti Wetu, Timu Yetu. Maneno matamu, ila yalikuwa na kasoro moja. Katika kikosi chote, kilichokusanywa kutoka miji ya mbali na hata nje ya nchi, binti aliyezaliwa mjini pale alikuwa mmoja tu, naye alikuwa kipa wa akiba.

Mtaani walimwita Pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na utotoni yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kiasi kwamba wateja walitania kwamba akipotea atafutwe kwanza kwenye mto wa sindano. Baadaye alipanuka mabega, akapata mikono ya kudaka chochote kilichorushwa, lakini jina halikung'oka.

Msemaji wa klabu, kijana mmoja ambaye viatu vyake havikushika vumbi, alipotambua kwamba mzaliwa anaye mmoja tu, alimtumia kama mpishi mwenye limau moja na karamu nzima ya kulisha. Alimpiga picha amekunja mikono, akaikuza, akaibandika kwenye ukuta wa duka la rangi, ghorofa tatu kwenda juu. Dirisha moja liliangukia katikati ya sikio la Pini. Mpangaji wa chumba hicho alizoea kuanika soksi dirishani, na asubuhi nyingi watu waliokwenda kazini walimkuta Pini amevaa hereni ya soksi ya kijivu.

Basi akawa maarufu bila kufanya lolote. Akienda kununua sabuni anaitwa nahodha.

"Nahodha, Jumamosi tunawafunga ngapi?"

"Mimi nakaa benchi, mzee wangu."

"Basi kaa vizuri, usituangushe."

Kipa aliyekuwa anacheza aliitwa Ngazi. Urefu wake ulimfanya ainame kwenye kila mlango, hata ule usiohitaji kuinamiwa, kwa sababu alikuwa amegonga kichwa mara nyingi kuliko alivyopenda. Alitoka mbali, na lafudhi yake iliwafanya wenye maduka wamjibu polepole na kwa sauti ya juu, kana kwamba ana tatizo la masikio. Alipanga chumba juu ya duka la mikate na hakuwa mtu wa maneno mengi. Langoni ndipo aliposema yote. Shuti lililokuwa linaelekea pembeni kabisa lilikuta kiganja chake kimeshafika, kimetulia, kinalisubiri.

Alikuwa na kosa moja tu: alisimama mahali ambapo mji ulitaka kumwona Pini.

Aliyeanzisha mambo alikuwa Mama Pini mwenyewe. Siku ya mechi ya kwanza nyumbani alifunga duka mapema, akaja na wenzake wa mtaa wa mafundi, wakajaza safu nzima nyuma ya goli. Sauti yake ilikuwa imekomaa kwa kushindana na cherehani mwaka hadi mwaka. Mpira ulipokaribia lango aliimba, "Mtoto wetu aingie," na safu nzima ikaitikia, "Pini, Pini." Mechi iliyofuata jukwaa lote lilikuwa limeshaukariri wimbo huo. Ngazi akidaka, watu walinyamaza kama waliokatiwa umeme. Akifungwa, wimbo ulilipuka, hata mgeni angedhani timu ya nyumbani ndiyo imefunga.

Benchini, Pini alivuta kofia ya koti mpaka kwenye nyusi. Aliona haya kweli, lakini tusimsafishe kupita kiasi. Kuna kipande cha moyo wake kilichokuwa kinaupenda wimbo ule. Usiku, kabla ya kulala, alikuwa akijikuta anauimba kimoyomoyo huku anapiga mswaki.

Jioni moja baada ya mazoezi walibaki wawili, yeye na Ngazi, wanafua glovu zao kwenye sinki la chumba cha kubadilishia nguo.

"Kuna klabu nyingine imenipigia simu," Ngazi alisema bila kuinua macho. "Wanataka jibu."

"Utawajibu nini?"

"Sijui. Uwanja wao mbaya, nyasi zimekufa. Lakini nadhani kule nikidaka watapiga makofi."

Pini aliendelea kukamua glovu ambayo haikuwa na tone la maji tena. Alitaka kuomba radhi, lakini hakujua mtu anaanzaje kuomba radhi kwa ajili ya wimbo.

"Yule anayeanzisha ni mama yangu," alisema mwishowe.

"Najua. Mna pua moja."

Kesho yake msemaji wa klabu alimvizia Pini mlangoni, anang'aa kuanzia meno hadi viatu. "Dada, nimeongea na wakubwa. Jumamosi, robo saa ya mwisho, unaingia. Mji unakutaka."

Pini alikwenda moja kwa moja kwa kocha, mwanamke mfupi asiyeachana na kikombe chake cha chai, akamkuta anapanga koni uwanjani kwa mguu.

"Kocha, niambie ukweli. Mimi ni bora kuliko Ngazi?"

Kocha alifikiri. Kilichomuuma Pini ni kwamba hakufikiri kwa muda mrefu.

"Hapana."

"Basi Jumamosi usiniingize."

"Sikuwa na mpango huo," kocha alisema, akanywa chai. "Lakini umenirahisishia maneno ya kumpa yule mwenye viatu."

Pini aliondoka na heshima yake yote. Alinunua keki, akaila amesimama, akanunua nyingine. Halafu akampigia Ngazi simu, akamwambia kesho anakwenda naye kwao, asilete visingizio.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka la mama, na vitambaa vilikuwa vimeshavuka mpaka wa duka zamani: mikunjo juu ya kochi, mikunjo chini ya meza, cherehani ya pili karibu na dirisha la sebule. Baba Pini, fundi wa mafriji, alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la mteja. Alichungulia, akaitikia salamu, akarudi kwenye nyaya zake.

Mama Pini alimpokea mgeni kwa adabu kamili, ile adabu anayopewa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo. Sogeza tu hiyo bitana."

Alimpa chai katika kikombe cha wageni, akakaa mbali, akachukua gauni la mtu na kuanza kulipinda pindo. Waliongea kuhusu joto, kisha kuhusu joto la mwaka jana. Ila macho ya Mama Pini yalikuwa yanarudi palepale kila mara, kwenye vifundo vya miguu vya Ngazi. Suruali ya mazoezi ya klabu ilikuwa imeishia juu kabisa, karibu katikati ya muundi.

Alijizuia kadiri alivyoweza. Mwishowe akaweka gauni chini.

"Hiyo suruali nani amekuvalisha?"

"Ndiyo kubwa waliyonayo, mama."

"Simama."

Ngazi akasimama. Mama Pini akatoa futi ya kitambaa shingoni, akapiga goti, akapima kiuno hadi kisigino, akapima tena kwa kutoamini. Akajaza pini mdomoni na kuanza kubandika kipande cha kitambaa cha kijani kwenye pindo. Akiwa anashona hujisahau, na akijisahau huuliza maswali.

"Mama yako anashonea wapi huko kwenu?"

"Hashoni, mama. Anafuga kuku."

"Na huja kukuangalia unapocheza?"

"Hajawahi kuja. Ni mbali, na mgongo unamsumbua. Huwa nampigia simu nikimaliza. Ananiuliza kama nimeshinda, na kama nimekula."

"Unamwambia nini?"

"Namwambia watu wa hapa wanaimba sana."

Mkono wa Mama Pini ulisimama. Baba Pini nyuma ya friji naye akaacha kugongagonga. Mama akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nikikuimbia vibaya," alisema, "na jukwaani hakuna mtu wako hata mmoja wa kunijibu."

Ngazi aliangalia dari, ambayo kwake haikuwa mbali.

"Lakini hata huyu wangu ni mzuri," mama akaongeza, kwani hakuwa mtu wa kusalimu amri yote kwa mkupuo mmoja.

"Ni mzuri sana, mama. Kila siku nikiamka najua yuko nyuma yangu. Ndiyo maana sichelewi mazoezini."

Pini akaenda jikoni kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Jumamosi mtaa wa mafundi ulikaa palepale nyuma ya goli. Ngazi alitoka amevaa suruali ndefu inayofika kwenye viatu, yenye mkanda wa kijani kila pindo, na wengine walidhani ni mtindo mpya. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili ndiyo kwanza kimeanza, shuti jepesi likaja, Ngazi akalidaka, likamponyoka, mshambuliaji wa wapinzani akalisukumia wavuni.

Fundi viatu aliyekaa nyuma ya Mama Pini hakungoja mwanzilishi. "Mtoto wetu aingie," akaimba, na jukwaa likadakia.

Mama Pini aligeuka, akaupa uwanja mgongo. "Nyamaza."

"Si wimbo wako huu?"

"Ni wangu. Nimeufuta."

"Mama, wimbo haufutwi. Yule ni nani kwako hata umtetee?"

"Ni mwanangu. Nimemshonea suruali."

"Hata mimi umenishonea suruali."

"Basi na wewe ni mwanangu, na nakwambia nyamaza."

Waliokuwa karibu wakacheka, na kicheko kikaukata wimbo katikati. Tatizo ni kwamba sasa hakuna aliyejua kiimbwe nini. Kila mtu akamwangalia mwenzake. Hapo Baba Pini, ambaye ilikuwa nadra sauti yake kusikika juu ya mngurumo wa friji, alisimama na chupa yake ya chai mkononi.

"Ngazi," aliita, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi asiye na hakika kama wenyewe wapo. Akakohoa. Akaita tena, na safari hii sauti ikapasuka vibaya katikati ya jina.

Mkewe alimwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akavuta pumzi, akaachia koo lake lote: "Mtoto wetu yupo."

"Ngazi," safu ikajibu, kwa kusitasita. Mara ya tatu walikuwa wameshapata mdundo. Fundi viatu alishikilia msimamo wake mpaka jukwaa zima lilipoingia, akaona atabaki peke yake, akajiunga.

Ngazi aligeuka kuangalia nyuma, jambo ambalo kipa hatakiwi kulifanya, na nusura afungwe la pili. Pini alikuwa amesimama mbele ya benchi anampigia kelele: "Mbele, mbele, angalia mbele!" Kona ikaja. Ngazi akapaa juu ya vichwa vyote, akaupiga mpira ngumi ukatua karibu na katikati ya uwanja, na kutoka hapo winga wa nyumbani akakimbia nao mpaka akasawazisha. Mechi ikaisha sare. Waliotoka uwanjani walikuwa wanaongea kama washindi.

Kwenye uzio Mama Pini alimsubiri. "Lile bao lilikuwa la kijinga."

"Ndiyo, mama."

"Kesho njoo ule."

Ile klabu yenye nyasi zilizokufa ilipewa jibu la hapana wiki ileile. Na mji nao ukapatwa na ugonjwa. Mwenye duka la mikate alianza kudai kwamba Ngazi ni wake kwanza, maana analala juu ya jiko lake. Mtaa wa gereji ukamchukua winga, ambaye hakuijua lugha ila alijua kucheka, wakamfundisha kutukana gari lisilowaka. Vinyozi wakajipatia beki wa kati. Msemaji wa klabu alikuwa anazunguka na kamera, anachelewa kila mahali, kwa sababu kila alipofika mambo yalikuwa yameshatokea.

Pini alicheza mwezi uliofuata. Ngazi aliteguka kidole, na mechi ilikuwa ugenini, uwanja mdogo kando ya kiwanda cha matofali, watazamaji wachache na mvua. Hapakuwa na mtu aliyemjua. Bao la kwanza kufungwa katika maisha yake ya kulipwa lilipita katikati ya miguu yake. Hakuna aliyeimba jina la mwingine. Ilisikika sauti moja tu kutoka benchini, yenye lafudhi ya mbali, ya mtu mrefu aliyefungwa bandeji: "Simama, dada. Mpira haujaisha."

Akasimama. Baada ya hapo alidaka kila kitu, hata mipira iliyokuwa inatoka nje yenyewe. Walishinda mbili kwa moja, na kocha akampa kikombe chake cha chai anywe mafunda mawili, heshima ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Ndani ya basi, wakiwa wamelowa chapachapa, simu ya Pini ikalia. Alikuwa mama.

"Kidole cha Ngazi kinaendeleaje?"

"Kizuri, mama. Na mimi je?"

"Wewe nimekusikia redioni," mama alisema. "Ulifungwa kwenye miguu." Pini akasikia anapenga kamasi. "Baba yako amelia mpaka amemwaga chai kwenye friji la watu. Umekula?"