Meja wa Al Sadd

Kijerumani nilikimudu kuliko Kerubo alivyomudu kutafuta mshipa wa mgonjwa, na nilimwambia hivyo mwenyewe, kifua mbele, mlangoni pa hoteli ya Al Sadd, Doha, nilikokuwa mlinzi mwaka wa 2011.

Kerubo alikuwa nesi, akiishi Al Wakrah. Akitoka zamu aliandika hadithi ya kusisimua kwa Kiingereza: Vita vya Kwanza vya Dunia, mpakani Taveta, msichana mbeba ujumbe kanaswa na meja wa Kijerumani. Mhariri wa Nairobi alikuwa ameirudisha. Meja wako, alisema, anaongea kama katuni. Mrekebishe, nitaisoma mara moja tu tena.

"Kompyuta ndiyo ilimtafsiria meja Kijerumani, ikanitia aibu," Kerubo akasema. "Sasa nataka mtu."

"Mtu ndiye huyu. Nilikisoma sekondari, miaka minne."

Sekondari nilisoma kilimo. Lakini kila Agosti wageni Wajerumani walishuka kutoka vyumbani wakifoka sentensi ileile, mishipa ya shingo imewatoka, hadi ikaniganda kichwani. Maana yake sikuijua. Hasira yake niliijua vizuri.

"Das Wasser kocht!" nikanguruma. "Yaani, nitakuua kabla hakujapambazuka."

Akaiandika, akaitazama, macho yakawa madogo. "Wayne. Hii 'Wasser' mbona inanuka 'water'?"

"Na 'gift' kwao ni sumu, dada. Yanayofanana ndiyo yanadanganya."

Hilo la sumu lilikuwa kweli. Mgeni mmoja alinichekea siku nilipomtajia zawadi kwa Kiingereza. Kerubo akaipigia mstari ile sentensi. Macho yake hayakuridhika.

Tangu hapo nikawa nashuku kila Mjerumani anayepita. Mzee mmoja alinitabasamia kwenye lifti, nikakosa usingizi. Kwani anajua nini, huyu?

Ijumaa Kerubo akaja na kurasa zake, anisomee mwisho kabla ya kuzituma jioni. Alisoma vizuri, aki. Meja akainua bastola, msichana akafumba macho, na lifti ikafunguka.

Akatoka mama wa makamo, taulo kichwani, povu sikioni, mwekundu kama nyanya.

"Das Wasser kocht!" akanifokea.

Kerubo akashusha karatasi polepole. Akamgeukia kwa Kiingereza, kwa ule upole wa wodini.

"Pole, mama. Anauawa nani?"

"Anauawa?" Yule mama akatutazama kwa zamu, kana kwamba tumepanga kumwibia. "Ni maji! Nafungua ya baridi, yanatoka yanachemka!"

Matangi yapo juu ya paa. Agosti ya Doha, mfereji wa baridi unapika chai.

"Naita fundi sasa hivi, madam," nikasema, nikiipapasa redio iliyokuwa mkononi mwangu muda wote.

Kerubo akatoa kalamu, akamkata meja wangu kwa mstari mmoja mrefu, akakunja kurasa, akasimama mbele ya mlango wa kioo.

"Nifungulie mlango, Wayne," akasema. "Ama huo pia ulisomea miaka minne?"