Damu ya Wifi

Katika maabara ya hospitali ile, Mizani alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mkubwa wa kazi aliyemwekea. Damu ya ndugu yake ikiletwa, aliishughulikia kama damu ya mtu asiyemjua: ingengoja zamu yake, ingepimwa mara moja, na majibu yangeandikwa kama yalivyo. Alikwisha kuwaona wenzake wakirudia kupima damu ya mama au ya mchumba mpaka itoe jibu la kuwatuliza, na jambo hilo lilimkera kuliko meza chafu.

Jina la Mizani alipewa na wifi yake, mke wa kaka yake, siku alipomkuta jikoni akivipanga vikombe kwa kimo, mikono yote ikitazama upande mmoja. Tangu hapo utani wao haukupoa. Wifi alidai kwamba Mizani hajaolewa kwa sababu hakuna mwanamume aliyefikia kipimo. Mizani naye alijibu kwamba kaka yake hakuoa mke, alioa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Waliokuwa hawawajui walidhani wanagombana. Waliowajua walivuta viti wasikilize.

Kwa miaka mingi wifi alikuwa hajashika mimba, na maneno ya watu alikuwa ameyameza mpaka yakamzoea. Hatimaye yeye na mumewe walikwenda kwa daktari bingwa wa uzazi. Alichomwa sindano za kukomaza mayai, mayai yakatolewa, yakarutubishwa nje ya mwili, na moja likarudishwa mahali pake. Likashika. Lakini mwili ulikuwa umeziitikia dawa kupita kiasi. Furaha haijatulia, tumbo likavimba, pumzi ikawa fupi, na wifi akalazwa.

Daktari aliwaeleza hatua kwa hatua. Mishipa ilikuwa ikivujisha maji ya damu, nayo yalikuwa yakikimbilia tumboni. Damu iliyobaki ilikuwa nzito, na damu nzito huweza kuganda pasipotakiwa. Kwa hiyo mgonjwa angechomwa kila siku sindano ya kuzuia mgando, na damu yake ingeangaliwa kwa vipimo viwili: inachukua muda gani kuganda, na kama ina mabaki ya madonge, kwa maana donge likijijenga popote mwilini huacha alama yake katika damu.

Wifi alisikiliza yote, kisha akamnong'oneza Mizani kwamba tumbo lenyewe halimsumbui. Hata kama ni la maji, majirani watajuaje? Waache wahesabu miezi wachoke.

Asubuhi moja kichupa chake kilifika maabara pamoja na vingine. Mizani alikizungusha katika mashine ya kutenganisha damu, na alipokitoa, mkono wake ulisita. Kichupa cha kawaida hutoka kikiwa na matabaka mawili yasiyopishana sana, jekundu chini na la njano juu. Hiki kilikuwa chekundu karibu chote. Njano ilikaa juu yake kama utando wa chai iliyopoa.

Alijua maana yake. Kila aliyesomea kazi ile hufundishwa kwamba kichupa cha kupimia mgando huja na dawa ya kuzuia damu isigande njiani, na dawa hiyo imekadiriwa kwa damu ya kawaida. Damu ikiwa nzito mno, maji yake huwa machache na dawa huizidi nguvu, kisha mashine husema damu inachelewa kuganda, kumbe sivyo. Hapo hupasa dawa ipunguzwe na mgonjwa atolewe damu upya.

Akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akajikaripia. Hii ni hofu ya undugu, alijiambia. Unatafuta sababu ya kurudia kwa kuwa ni wifi yako. Leo utarudia kwa ajili ya maji machache, kesho kwa ajili ya jibu usilolipenda. Akakirudisha kichupa kwenye foleni, akapima mara moja, akaandika.

Majibu yalionyesha kwamba mabaki ya madonge yalikuwa mengi na kwamba damu ilichelewa sana kuganda. Vipimo hivyo vikisoma namna hiyo kwa pamoja, daktari ana haki ya kuogopa: huenda damu imeganda hapa na pale mpaka mwili umeishiwa na vitu vya kugandisha, na sasa mgonjwa atavuja damu. Daktari aliogopa. Akaamuru sindano zisimamishwe.

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, Mizani alipanda wodini. Wifi alikuwa ameketi akiegemea mito, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Zunguka uje huku," alisema. "Mito yenu imejazwa kokoto. Shingo imegoma kugeuka tangu nilipoamka."

Mizani alizunguka. Chini ya sikio palikuwa pamevimba, na alipopagusa aliuhisi mshipa mgumu kama kamba iliyolowa. Wifi alimwambia aache kumpapasa, yeye si embe la sokoni. Mizani hakucheka. Aliuliza kama amechomwa sindano yake.

"Walisema damu yangu nyepesi mno," wifi akajibu. "Si wewe uliyewaambia?"

Mizani alikiacha kitandani chakula alichokuwa amemletea. Alishuka moja kwa moja kwa daktari, akamweleza kuhusu kichupa chekundu, dawa iliyozidi, na ule mshipa. Daktari hakubishana. Damu ilitolewa upya katika kichupa kilichopunguzwa dawa, na mara hii mashine ilisema kweli: damu ilikuwa ikiganda upesi, na mabaki ya madonge yalikuwa yameongezeka. Picha ya shingo ilionyesha donge limelala ndani ya mshipa. Sindano zikarudi mchana uleule.

Lakini kipande cha donge kilikuwa kimekwisha kung'oka. Kabla jua halijashuka, wifi alianza kuitafuta hewa kwa mdomo wazi, midomo ikageuka rangi, akakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kipande kilikuwa kimefika mapafuni. Wauguzi na madaktari walimpigania, wakamrudisha. Mimba hawakuweza kuirudisha.

Kaka yake alimkuta Mizani kwenye ukumbi, nje ya mlango wa chumba kile. Alimshika mikono yote miwili, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika baba yao. Alisema daktari amewaambia ni nani aliyegundua kosa la kipimo. Alisema mama amekwisha kuwapigia simu shangazi wote, na ukoo mzima unajua kwamba Mizani ndiye aliyemwokoa mke wake. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Mizani angeweza kunyamaza. Daktari alikuwa amesema kosa la kipimo, hakusema kosa la nani. Lawama ingeiangukia mashine, nayo haina wa kuitetea.

"Kaka, kipimo cha kwanza nilikipima mimi," alisema. "Niliona kwamba hakiko sawa. Nikakiacha kipite."

Kaka yake hakumwachia mikono mara moja. Aliuliza kwa nini, na Mizani akamweleza sheria yake, kwa sauti ndogo, bila kuipamba. Ilipotoka mdomoni ilikuwa fupi sana.

"Na angekuwa mtu baki?" kaka akauliza.

"Angekuwa mtu baki, ningerudia."

Hapo ndipo alipomwachia. Alimwambia leo asiingie, kisha akaingia yeye na kuufunga mlango taratibu, kama mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Siku zilipita, wifi akarudishwa wodini, na muuguzi akaja maabara kusema kwamba mgonjwa anamtaka. Mizani alimkuta peke yake. Tumbo lilikuwa limeanza kunywea, na shuka lililolifunika lilikuwa limelala bapa kuliko alivyotazamia.

"Kaka yako ameniambia," wifi alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, na baada ya kila maneno machache alipumzika. "Nimelala hapa natafuta tusi la kukutosha. Sijalipata."

Mizani alifungua kinywa.

"Usiseme kitu. Ukiniomba radhi itabidi nikujibu, na sina cha kukujibu. Kaa tu."

Akakaa. Wifi aligeuza uso akatazama ukuta, polepole, kwa sababu ya shingo. Mkono wake aliuacha juu ya shuka, upande ule wa kiti, kiganja kikiwa wazi. Mizani aliutazama mpaka muuguzi alipokuja kusema muda umekwisha, naye hakuthubutu kuugusa.