Godoro Dogo la Bi Harusi

"Dada, hebu niambie ukweli wako. Ulifanya nini?"

Hilo ndilo swali aliloulizwa Mama Mito kwenye kamba ya nguo, wakati tumbo lilipoanza kukataa kufichwa na gauni. Aliyeuliza alikuwa jirani wa mlango wa pili, mikono imejaa shuka zilizolowa, macho yamemganda kama mtoto anayengoja kumegewa mkate. Naye alijibu upesi, hata kibanio cha nguo hakukitoa vizuri mdomoni.

"Nilipiga magoti tu, mdogo wangu. Nilipiga magoti, Mungu akasikia."

Halikuwa jibu la uongo. Magoti alipiga kweli, tena mpaka yakaota sugu. Lakini jibu lile lilimkaa kooni tangu siku ile kama mwiba wa samaki, na leo, kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, lilikuwa bado lipo. Kichwa kilimgonga. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kanda za ndara zimechora mifereji kwenye nyama. Pajani alishika godoro dogo la mtoto, la kitambaa cha maua ya njano, ubavu mmoja ukiwa wazi na sindano imechomekwa pembeni. Na aliyeketi kando yake, amembebea mkoba na kumpepea kwa kipande cha boksi, alikuwa jirani yule yule.

"Tulia," jirani alimwambia. "Ukiugua wewe, nami nimeugua."

Mtaani walimwita Mama Mito kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona mito na magodoro, na kwa sababu kwa miaka mingi hapakuwa na mtoto ambaye kwa jina lake angeitwa. Mwanzoni ulikuwa utani wenye miba. Baadaye miba ikang'oka yenyewe, likabaki jina. Jirani naye waliendelea kumwita Bi Harusi. Harusi yenyewe ilishasahaulika, hata picha zake ukutani zimepauka sura, lakini mpaka mwanamke azae ndipo watu wanapata jina lingine la kumwita. Yeye alicheka tu. "Nitazeeka na shela langu," alikuwa akisema, na waliomsikia walicheka naye, kisha wakatazama chini.

Godoro lile lilikuwa la Bi Harusi. Alikuja na kitambaa chake mkononi, akakitandaza juu ya cherehani.

"Nishonee la mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Huyo anayekuja. Wewe si uliomba ukapewa? Mimi nataka niombe godoro likiwa tayari chumbani, Mungu akitupa jicho aone sitanii."

Kazi ya godoro dogo ni ya asubuhi moja. Unachambua sponji kwa vidole mpaka ziwe nyepesi, unajaza pembe kwanza kwa kijiti, kisha ubavu, kisha katikati, unalipiga viganja likae sawa, halafu unafunga mdomo kwa mshono wa kuficha, ule ambao mteja akiutafuta hauoni. Mama Mito alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu usichana. Alikuwa na sifa moja aliyojivunia kimya kimya: hajawahi kumtilia mtu matambara ndani ya mto. Wengine walifanya hivyo. Juu kitambaa kizuri, ndani soksi kuukuu. Yeye hakuthubutu. Mtu anaweka kichwa pale, anakuachia usingizi wake.

Lakini godoro hili lilimshinda. Kila alipofika kwenye ubavu wa mwisho alichomeka sindano pembeni akaacha, na akiachwa peke yake alifumua hata alichokwisha kushona. Alisema uzi umekwisha. Akasema sindano imepinda. Akasema sponji hazijaletwa, na sponji zimejaa nyuma ya mlango. Bi Harusi hakunung'unika hata mara moja. Alimtekea maji, akamfulia nguo, akamfagilia uwanja. "Wewe usiiname," alimwambia. "Ngoja nguo zangu zikae beseni moja na zako, zishike harufu ya baraka."

Neno hilo, baraka, lilimchoma Mama Mito kuliko sindano zote.

Maana sindano zilikuwepo. Zilikuwepo na vidonge, na safari za kuaga kwamba wanakwenda kumwona shangazi mgonjwa, na hospitali ya mji mwingine yenye sakafu ya kung'aa. Pale daktari aliwaeleza kwa upole kwamba mayai yake yeye umri ulishayamaliza, lakini tumbo lilikuwa bado zima. Msichana mmoja, ambaye hawangemjua wala yeye hangewajua, alikuwa tayari kutoa yai. Mimba ilianzia nje, kwenye vyombo vya maabara, mbegu ikiwa ya mumewe, kisha ikaletwa ndani kwa mrija mwembamba wakati yeye akitazama dari na kusema na Mungu wake. Mumewe, mlinzi wa shule, mtu asiyeweza hata kuchinja kuku, alijifunza kuchoma sindano kwa kudunga chungwa, kisha akamchoma yeye kila jioni huku amefumba jicho moja.

"Fumbua yote mawili, mzee wangu, utanichoma mgongo," alimwambia, nao wakacheka mpaka dawa ikakaribia kumwagika.

Mumewe ndiye aliyeomba siri. "Haya yawe yetu wawili, na Mungu wa tatu. Watu wakijua, mtoto ataitwa wa chupa mpaka siku ya kuoa." Akakubali. Siri kama siri haikuwa na ubaya. Ubaya ulikuja pale wanawake wa kikundi cha maombi walipoona tumbo, wakapiga vigelegele, wakamsimamisha atoe ushuhuda. Akasimama. Alisema habari za magoti, za kufunga, za machozi. Hospitali ilimjia mdomoni, akaimeza. Wanawake walilia, na aliyelia kupita wote alikuwa Bi Harusi, aliyekuwa amesimama ubavuni, amemshika mkono.

Bi Harusi naye alikuwa amepangiwa siku ya kwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Mipango yote ilikwishafanywa. Baada ya ushuhuda ule, siku ikafika, hakwenda. "Nikakatwe nini?" alisema. "Wewe ulikatwa? Njia nimeiona." Tangu hapo alifunga na kuomba, na kila mwezi damu ilimtoka kama bomba lililofunguka. Alijificha, lakini Mama Mito alikuwa na macho. Aliona nguo zinazoanikwa nyuma ya nyumba. Alimwona anavyoshika ukuta akiinuka. Alimwona, akasema moyoni, Mungu atafanya njia. Alimwachia Mungu kazi ambayo ilikuwa yake mwenyewe.

"Mama Mito!" Mkunga alichungulia mlangoni, mwanamke mnene mwenye saa iliyoning'inia kifuani. "Ingia. Leo umekuja na miguu ya nani? Hii mbona si ile niliyoizoea?"

"Nimeazimwa, sista."

"Mrudishie mwenyewe, ni mizito."

Ndani, mkunga hakutania tena. Alimfunga kitambaa cha presha mkononi, akakisoma, akangoja, akamfunga tena. Alipima mkojo. Akamuuliza kama anaona vimulimuli. Kisha akamlaza, akaweka kipembe chake cha kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio.

"Mtoto yuko sawa," alisema mwishowe. "Anakimbia kama ana pa kwenda. Ni wewe ambaye sikupendi leo. Presha imepanda, na mkojo umeanza kunionyesha mambo. Kwa umri wako, na kwa mimba ilivyopatikana, kama faili lako linavyosema, hili tulikuwa tunalichungulia tangu mwanzo. Huendi nyumbani. Utalala hapa, utameza dawa, daktari atakuona."

"Sawa, sista."

"Na yule aliyekaa nje ni nani wako?"

"Jirani."

"Amenipa mkono, nikashtuka. Kiganja cheupe kama chaki. Nimemwambia njoo nikupime damu, akaniambia yeye tiba yake anayo." Mkunga alikunja kitambaa cha presha taratibu. "Anayo wapi? Watu wa namna ile huanguka njiani, mama. Wengine hawaamki."

Mama Mito alitazama dari. Ilikuwa dari ya kawaida, yenye doa la maji. Alisema, sauti ikitoka kama ya mtu mwingine, "Alikuwa aende kutolewa uvimbe. Hakwenda kwa sababu yangu. Anadhani mimi nilipata kwa maombi matupu."

Mkunga alikiweka kitambaa cha presha mezani.

"Nikimwambia atanichukia," Mama Mito alisema.

"Huenda." Akavuta shuka, akamfunika. "Kwa hilo sina kidonge. Chumba changu ni cha mwisho, ukitoka wodini unashika kulia. Sitoki mpaka jioni."

Walimpeleka wodini, kitanda cha karibu na mlango. Haukupita muda Bi Harusi akaingia na mkoba na kikombe cha chai, pumzi zimemkatika kwa hatua chache zile, ila ulimi mzima.

"Wamekulaza? Umepata likizo, basi. Mimi nakwenda kumpikia mzee wako. Nitamzidishia chumvi, akukumbuke." Akaketi miguuni pa kitanda, akaipakata ile miguu iliyovimba, akaanza kuikanda kwa vidole baridi. "Na godoro langu, leo huna pa kukimbilia. Uzi upo, sindano ipo, na wewe upo. Nimaliziwe."

Mama Mito alilichukua. Alichoma sindano, akavuta, akachoma tena. Mishono ilitoka myembamba, imejificha, mizuri kama alivyofundishwa. Alipofika nusu ya mdomo, mkono ukasimama.

"Mdogo wangu, iache miguu yangu."

"Nimekuumiza?"

"Mtoto huyu nilimfuata hospitali."

Bi Harusi akacheka. "Si ndiko sote tunakokwenda kuzalia?"

"Si kumzaa. Kumpata."

Akamwambia. Alimwambia vibaya, mambo ya mwisho yakatangulia, ya mwanzo yakaja nyuma: mrija, msichana asiyejulikana, chungwa, shangazi ambaye hakuwa mgonjwa. Vidole vilivyokuwa vinakanda vilipunguza mwendo, vikasimama, lakini havikuiachia miguu.

"Na magoti?" Bi Harusi aliuliza.

"Nilipiga. Kabla na baada."

"Na katikati?"

"Katikati kulikuwa na daktari."

Kitanda cha pili, mwanamke alikohoa akageukia ukutani. Bi Harusi alikuwa anatazama maua ya njano.

"Ulisimama mbele ya wale wanawake wote."

"Nilisimama."

"Nimekushika mkono."

"Ulikuwa umenishika."

"Na mimi daktari nilikuwa naye, dada. Siku nilikuwa nayo. Nilikuwa nimefunga hadi begi." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mume wangu alinisihi, nikamwambia hana imani. Nilimwita hana imani kwa ajili yako."

"Niliona haya. Nilidhani nikiitaja hospitali nitakuwa nimempunguzia Mungu sifa."

"Ukaona umsaidie."

Mtoto aligeuka tumboni, tumbo zima likapinda upande mmoja chini ya shuka, na wote wawili waliona, na hakuna aliyecheka kama walivyozoea.

"Mito yako naweka kichwa kila siku," Bi Harusi alisema. "Hebu niambie. Ndani kuna nini?"

"Sponji. Sponji safi, mdogo wangu, haki ya Mungu, sijawahi..." Akashindwa kumalizia. Machozi yalimshukia masikioni kwa jinsi alivyolala. "Nenda kwa mkunga. Chumba cha mwisho, kulia. Akupime damu, akupeleke kwa anayehusika. Siku nyingine zipo. Nichukie ukishatoka huko. Nichukie ukiwa mzima."

Bi Harusi aliinua mguu mmoja kutoka pajani mwake, akaulaza kitandani. Akainua wa pili. Akaivutia shuka mpaka vidole vikafunikwa, akaikunja pembe ya shuka chini ya godoro la kitanda kama alivyofanya mara nyingi nyumbani. Kisha akanyoosha mkono, akalitwaa lile godoro dogo kutoka kwenye vidole vya Mama Mito. Uzi ulikuwa haujakatwa. Sindano ilishuka, ikaning'inia, ikawa inazunguka kwenye mwanga wa dirisha.

"Halijafungwa," Mama Mito alisema. "Litamwagika. Niachie nilimalizie."

Bi Harusi alilitia kwapani vile vile, mdomo wazi, akasimama kwa kushika chuma cha kitanda. Alingoja kidogo, macho amefumba, mpaka kizunguzungu kimpite. Halafu akatembea.

Ndara zake zilisikika mpaka mlangoni. Pale zikasimama. Kigari cha dawa kilikuwa kinapita ukumbini na magurudumu yake yanalia, na Mama Mito aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akautegea mlango ule sikio. Kigari kilipokwisha kupita, ndara hazikusikika tena, wala kulia kwa mkunga wala kushoto kwenye njia ya kutokea. Vipande vidogo vya sponji vilikuwa vimedondoka sakafuni, kimoja hapa, kimoja pale, vyepesi, kutoka kitandani mpaka kizingitini. Upepo wa mlango ukavigusa, navyo vikaanza kuvingirika kuelekea ukumbini, nyuma ya mtu aliyetoka na godoro lake.