Wanaojibu Namba ya Dharura

Sumaya alikuwa anageuza mandazi kwenye mafuta wakati mdogo wake Feza, aliyekuwa na mimba, alipokaa chini kwa ukuta na kusema maji imetoka. Nyuma ya maji ikafuata damu. Sumaya alitoa mandazi kwanza, maana yalikuwa yameshaiva, akazima moto, kisha akapiga namba ya dharura.

Namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za kambi ya Dzaleka na mradi mmoja wa Lilongwe, uliokuja kuonyesha wakimbizi namna wagonjwa watakavyobebwa siku za mbele. Mradi ulileta ambulansi moja nyeupe na shofere mmoja, Dany. Kazi ya Dany ilikuwa kuiosha na kuisogeza kufuata kivuli. Ili itoke, bosi wa Lilongwe alipaswa kukubali, na bosi alikuwa siku zote kwenye mkutano juu ya ambulansi. Vijana waliowekwa kujibu simu walienda zao mkataba ulipoisha. Tangu hapo simu zilijibiwa na watu waliokufa wakingojea gari. Hawakuwa na kazi ingine.

"Allo, dharura."

"Ni mimi Sumaya, wa mandazi."

"Ah, Sumaya. Mi ni Fidès."

Fidès alikuwa jirani yao Mrundi. Walimzika kabla ya Pasaka. Hata alipokuwa hai hakuanza neno bila salamu.

"Batoto banakula?"

"Banakula, mama."

"Na Léonidas, bwana yangu, alishaoa?"

"Bado."

"Anachagua, ule. Haya, sema."

"Feza anatoka damu, na mimba njo imefika. Tungojee gari?"

"Usingojee. Mi niliingojea. Ile gari ni ya kupigia picha. Ita Nahayo na kabaza yake, baiskeli yake iko na kiti kirefu. Mfunge Feza kwa mgongo wake na kitenge, kingine kwa kiuno, maana akizimia ataanguka. Mupite nyuma ya soko. Pa lami musimamishe lori ya nyanya. Minibasi itakataa damu."

"Nani alikufundisha yote ile?"

"Siye huku tunafundishana. Kila mutu anajua pale alipofia."

Nahayo alikuja, wakamfunga Feza, Sumaya akakimbia kando ameshika mguu wake. Walipopita mbele ya ofisi ya mradi, Dany alikuwa anasugua matairi. Alishukuru, zikomo, kwa sababu Nahayo alizunguka ndoo yake bila kuimwaga.

"Bosi hajajibu, dada," alisema.

"Osha tu, kaka," Sumaya akamwambia. "Isije ikashika ugonjwa."

Lori ya nyanya ilisimama. Feza alifika Lilongwe amelala juu ya makasha, na huko akazaa mtoto wa kike. Wote wawili wako wazima.

Bosi alisikia kwamba namba yake imeokoa watu. Alikuja Dzaleka na masufuria ya wali na mpiga picha. Alisema simu zote zinajibiwa, kwa lugha zote za kambi, na wahudumu hawadai mshahara. Watu wa kambi walimweleza kwamba wahudumu ni wafu. Alisema hilo halina shida, akatoa kofia za mradi, moja kwa kila mhudumu, zipokelewe na familia. Léonidas alipokea ya Fidès. Anaivaa shambani.

Kwa kuwa simu inatosha, bosi alirudi mjini na ambulansi. Siku hizi inaonekana mtaa wa Area 18, inapeleka watoto wa bosi shule.

Ila kabla ya kuondoka bosi alisimama juu ya kiti na kusema mradi umeshakomaa. Mwaka kesho wataongeza wahudumu wengine, wengi kuliko hawa. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza watatoka wapi; wali ulikuwa bado haujagawiwa.