Uje Umbebe Mwenyewe

Uso wa Bibi Pelagia ulikuwa umekaliwa. Kijana mmoja mwenye kaptura na miwani ya jua alikuwa ameketi juu yake, kwenye baraza la hoteli fulani ya ufukweni, glasi ya juisi mkononi, na chini ya paja lake ulichungulia mto mweupe wenye nusu ya tabasamu na jicho moja lililofumbwa kwa kicheko. Levina alilijua jicho lile. Alilichonga mwenyewe kwenye ubao wa mninga, kwa patasi nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, na ule mkunjo wa kope peke yake ulimchukua siku nzima.

Picha ililetwa kwenye simu yake na mteja wa Mwanza, mwalimu Agnetha, pamoja na pongezi: hongera dada, naona sasa umefika mbali, hadi mito unatengeneza! Levina alikuwa kwenye kigoda, mikono imejaa wino mweusi. Aliisoma pongezi ile, akairudia, na damu ikaanza kumchemka taratibu kama maji ya ugali.

Kazi yake aliifanyia kibandani, uani kwa mama yake mtaa wa Chemchem, Tabora mjini. Mashine ya kuchapia hakuwa nayo. Aliupaka wino ubao aliouchonga, akalaza karatasi juu yake, akaisugua kwa mgongo wa mwiko mpaka bega likafa ganzi, kisha akaibandua kwa pumzi iliyobanwa. Kila chapa iliyotoka safi aliipiga picha na kuiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni. Aliyeipenda aliandika, wakaelewana, na Levina akaiviringisha ndani ya kipande cha bomba la plastiki na kuipeleka stendi ya mabasi. Hakuwa na duka wala bosi, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokubali kusema.

Ila Bibi Pelagia, bibi yake wa damu, hakuwa picha kama picha nyingine. Siku Levina alipomwomba ruhusa ya kumchonga, kule kijijini Usoke, bibi alikuwa akichambua majani ya tumbaku, na hakuinua kichwa.

"Nichonge," alisema. "Lakini uso wangu si robota la tumbaku, ligongwe mhuri na kutupwa kwenye behewa. Kila utakaponipeleka, uniambie nimekwenda kwa nani."

Yakawa ndiyo makubaliano yao. Kila chapa ilipoondoka, Levina alipiga simu Usoke. Leo umekwenda kwa daktari mmoja wa Moshi, Bibi. Ana watoto? Anao, mapacha. Haya, wasalimie hao mapacha. Bibi alizijua nyumba zote alimotundikwa, akazitaja jioni katika sala zake za rozari, na mtu wa Songea aliyefiwa na mkewe aliombewa na mwanamke asiyemjua, ambaye uso wake ulikuwa ukutani kwake.

Sasa Levina aliingia mtandaoni kuitafuta ile mito. Haikumpa taabu. Duka lilijiita Msafara Halisi, na mbali na mito lilikuwa na mikoba, aproni, hata vizulia vya kufutia miguu. Kila kimoja kilikuwa na uso wa bibi yake. Chini yake yaliandikwa maneno matamu juu ya njia ya kale ya misafara na mama wa Kiafrika asiye na jina. Asiye na jina! Levina alisimama, akazunguka kibanda, akaketi tena. Mwenye duka alikuwa kijana wa Kisarawe aliyehamia Dar es Salaam, aitwaye Kondo, na hapo ndipo Levina alipokumbuka.

Mwaka uliopita Kondo huyo alipita kwenye ukurasa wake akaandika: Mtani! Huyu bibi mzuri namchukua, kuanzia leo ni mke wangu. Kondo ni Mzaramo na Levina ni Mnyamwezi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za wapagazi, pale watu wa Tabora walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani wakikatiza nchi ya Wazaramo. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako, hukunyang'anya nyama mkononi, nawe ukinuna aibu ni yako. Levina alilelewa hivyo. Akajibu kama alivyolelewa: Mchukue tu mtani, ila uje umbebe mwenyewe. Watu wakacheka. Naye alijisikia vizuri, kwamba hata mtandaoni mila inaishi.

Alimwandikia Kondo kwa adabu akimtaka aondoe bidhaa zile. Jibu lilikuja kwa sauti, limejaa kicheko.

"Mtani wangu wee! Si ulinipa mwenyewe, tena mbele ya watu? Miaka yote Mnyamwezi unabeba mizigo ya wenzako hulalamiki, leo mwenzako kakubebea, umenuna!"

Hakuishia hapo. Aliipiga picha ile barua ya adabu ya Levina, akaiweka hadharani sambamba na lile jibu la mwaka jana, na kufikia saa sita mchana nusu ya nchi ilikuwa ikimcheka Levina. Mnyamwezi kakasirika! Mpeni kuku anyamaze! Kaka yake Gerson alipiga simu kutoka Igunga, naye anacheka. "Dada, ukikasirika tu umeshindwa. Mtani hakasirikiwi." Levina alikwenda kwenye ofisi moja mjini aliyoambiwa inashughulikia mambo ya wasanii. Mama mmoja mnene, mpole, alisoma kwenye simu yale maandishi, akashika mbavu. "Hapa mmemalizana kiutani, mwanangu. Ulimpa."

Na Levina akacheka naye.

Hilo ndilo lililomuuma njia nzima ya kurudi. Si Kondo, wala yule mama. Ni kile kicheko chake mwenyewe, kilichotoka kinywani kabla hajakiita, chepesi, cha mtu mwenye tabia njema. Alikuwa ameibiwa akashukuru. Alipita sokoni bila kumsalimia mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Jirani yao, Bi Tatu, alikuwa kibarazani akichoma maandazi. Naye ni Mzaramo, aliyeletwa Tabora ujanani na mume wa reli, na kwa miaka yote hiyo hapakuwa na msiba wa Wanyamwezi mtaani hapo asioufanyia vituko.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Umevimba nini, mbeba mizigo?"

Safari hii Levina hakutabasamu. Bi Tatu alimtazama, akaepua karai, akasikiliza habari yote mpaka mwisho. Kisha akapangusa mikono kwa upande wa kanga.

"Babu yako alipokufa, nilifanya nini?"

"Ulichukua jembe lake. Ukaingia kaburini ukalala, ukakataa asizikwe mpaka upewe kuku."

"Nikapewa?"

"Ukapewa. Mama alicheka huku analia."

"Na maji ya msiba ule nani aliteka? Nani aliosha yale masufuria mpaka matanga yakaanuliwa?"

"Ni wewe, Bi Tatu."

"Basi." Bi Tatu alirudisha karai motoni kwa kishindo, mafuta yakaruka. "Huyo Kondo kaosha sufuria gani kwenu? Mimi nilichukua mnaniona. Yeye kachukua mmelala, halafu anajifunika utani kama shuka. Anatutia aibu sisi wenye utani wetu! Kasirika, mwanangu. Kasirika kabisa, nimekupa ruhusa."

Jioni hiyo Levina alifungua ule ukurasa wenye vicheko, na chini kabisa akaandika: Mimi ndiye niliyemchonga. Anaitwa Pelagia. Sitanii, na nimekasirika. Walimjibu kwamba hana adabu, kwamba mjini kumemharibu, kwamba wazee wangemwonea haya. Aliyasoma yote. Hakufuta hata neno.

Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Aliagiza mto mmoja kwa jina la Agnetha, na ulipofika akaufunga kwenye mfuko mweusi, akaupakata garini mpaka Usoke bila kuutazama. Alimkuta bibi ukumbini, rozari shingoni, anamenya karanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Siku nyingi hujapiga simu. Nimekwenda kwa nani?"

Kwa mara ya kwanza Levina hakuwa na jina la kutaja.

"Sijui, Bibi," alisema, na machozi aliyoyabana tangu siku ile ya picha yakamwagika yote, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Akautoa mto.

Bibi Pelagia aliupokea, akauweka magotini. Aliushika uso wake kwa vidole vyenye vumbi la karanga, akafuata mkunjo wa kope mpaka ulipoishia kwenye mshono.

"Wanafanyia nini?"

"Wanakalia."

"Wanakalia," alirudia bibi. Jogoo aliingia ukumbini, akatazama karanga, hakufukuzwa. "Huyo kijana alisema maneno gani hasa? Nisomee kama yalivyo."

Levina alimsomea: huyu bibi mzuri namchukua, kuanzia leo ni mke wangu.

"Nawe?"

"Nikasema, mchukue tu mtani, ila uje umbebe mwenyewe."

"Akaja?"

"Hakuja, Bibi."

"Kachukua neno la kwanza, la pili kaliacha." Bibi Pelagia aliinuka kwa kujishika goti, akaingia chumbani. Levina alisikia sanduku likifunguliwa, sufuria ikigonga sufuria, kitu kikiburutwa. Bibi alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka, mkononi ana kigoda na jembe, na sura aliyokuja nayo Levina hakuwahi kuichonga. "Weka hiyo simu yako iniandike sauti."

Levina akabonyeza, akamsogezea.

"Kondo," alisema bibi, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba. "Mimi ni Pelagia wa Usoke. Nimesikia umenioa. Washenga sikuwaona, mahari sikuiona, na kunibeba umeshindwa, kwa hiyo naja kwa miguu yangu. Nitakaa mlangoni pa duka lako, kwenye kigoda changu. Kila atakayenunua mto nitamuuliza jina lake, na kwao ni wapi, na watoto wake hawajambo. Anayetaka kunikalia, anitazame kwanza. Nimemaliza." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Na usicheke."

Levina hakuwa na kicheko hata cha kuazima.

"Bibi, lile duka ni la mtandaoni. Halina mlango."

"Mito inalala wapi usiku? Hewani?" Bibi Pelagia alitandika kanga chini afunge mzigo. "Mpigie Bi Tatu atusubiri Tabora na mzigo wake. Mzaramo atatuongoza kwao."

Siku ya treni ya kutoka Kigoma walifika stesheni ya Usoke mapema. Levina alikuwa ameituma sauti ya bibi kwa Kondo, na akaiweka pia hadharani, mahali pale pale pa vicheko. Watu walianza kwa kucheka kama kawaida yao. Kisha mmoja akauliza, kwa hiyo huyu bibi yupo? Ana jina? Mwingine akaandika kwamba ana mto ule sebuleni kwake, na tangu asikie sauti ile ameutoa kwenye kochi, hajui auweke wapi.

Kondo naye aliandika. Kwanza alileta vikatuni vya kucheka. Baadaye: mtani, bibi anatania, eti? Baadaye tena, bila kikatuni chochote: dada Levina, naomba tuongee.

Treni ilipiga honi upande wa magharibi. Levina aliinama achukue mzigo, bibi akamzuia mkono.

"Huu wangu."

Alijitwisha mwenyewe: sufuria, kanga, kigoda na jembe, na mto umefungwa kwa nje, uso ukitazama nyuma. Simu ikaanza kuita mfukoni mwa Levina.

"Nani?" aliuliza bibi, bila kugeuza shingo.

"Mumeo."

"Mwambie achemshe maji ya kuoga," alisema Bibi Pelagia, akakanyaga ngazi ya behewa. Juu ya kichwa chake ule uso mwingine uliendelea kucheka, ukimtazama kila aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni, mmoja mmoja.